Kumuua Panya na Kumwacha Kiroboto: Uchunguzi Salama wa Programu za Ujasusi katika Kompyuta

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa kata za Wilaya ya Lushoto



Mwaka 1980 ugonjwa wa tauni uliingia katika Wilaya ya Lushoto, na kwa zaidi ya miaka 20 vijiji kadhaa vya milima hii viliishi na hofu yake. Wazee wanakumbuka panya waliokufa majumbani, mitoki iliyovimba kwenye kinena na kwapani, na misiba iliyofuatana. Katika kipindi kile yalijifunzwa mambo mengi, lakini moja linafaa kukumbushwa leo. Panya ndiye aliyeonekana; kiroboto ndiye aliyeambukiza. Aliyekimbilia kuua panya ndani ya nyumba kabla ya kuangamiza viroboto alijiongezea hatari, kwa kuwa mzoga ulipopoa viroboto waliuhama na kutafuta damu yenye joto, nayo ilikuwa damu ya watu waliolala chumbani humo. Ndiyo maana kanuni ya wataalamu wa afya ni kuanza na viroboto, kisha panya.

Mada hii inahusu kompyuta. Hata hivyo somo la tauni linaihusu moja kwa moja, kwa sababu wengi wanapogundua kwamba kompyuta imeingiliwa na programu ya ujasusi, hukimbilia kufuta. Hufuta kwa pupa, kwa chombo wasichokijua, bila kufuata mpangilio. Na wakati huo siri zilizokwisha kuchukuliwa zinaendelea kutumika mahali pengine. Panya amekufa, kiroboto yu hai.

Programu ya ujasusi ni nini

Programu ya ujasusi ni ile inayoingia ndani ya kompyuta bila ridhaa ya mwenyewe, ikakaa kimya, ikakusanya habari na kuzituma kwa mtu mwingine. Ipo inayonakili kila herufi inayochapwa kwenye kibodi. Ipo inayopiga picha za skrini. Ipo inayochota nywila zote ambazo mtumiaji aliziruhusu zihifadhiwe na kivinjari ili asizichape kila siku. Virusi vya zamani vilijitangaza: vilificha mafaili, vilijaza flashi kwa njia za mkato, vilizima mashine. Programu ya ujasusi haitaki kujulikana. Faida yake ni utulivu, na kompyuta iliyoambukizwa inaweza kuendelea kufanya kazi vizuri kwa miezi mingi. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Wala jambo hili si dogo. Programu iitwayo Agent Tesla, inayonakili machapo na kuiba nywila, imejulikana tangu mwaka 2014 na husambazwa hasa kwa barua pepe zenye viambatisho vinavyojifanya ankara au hati za malipo. Mwezi Mei 2025 kampuni ya Microsoft ilieleza kuwa kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei mwaka huo ilitambua kompyuta zaidi ya 394,000 duniani zilizoambukizwa na programu moja tu ya aina hiyo, iitwayo Lumma. Wezi wanaoziendesha hawachagui mji wala kijiji. Huvua kwa jarife, na kila kinachonasa huuzwa.

Kwa nini jambo hili ni la kata

Huenda mwananchi akajiuliza: yanamhusu nini mkulima wa kabichi na viazi wa Lukozi, ambaye hana kompyuta nyumbani? Jibu liko kwenye duka la steshenari.

Katika mji wa Lushoto, Mlalo na kila penye kituo cha magari, lipo duka lenye kompyuta moja au mbili, printa na mashine ya kutoa nakala. Hapo kijana aliyemaliza kidato cha sita huombewa mkopo wa elimu ya juu. Hapo hutumwa maombi ya kazi serikalini, huhakikiwa cheti cha kuzaliwa, huchapwa muhtasari wa kikao cha kijiji, na hutolewa namba ya malipo. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo ya halmashauri navyo huja hapo na katiba zao na orodha za wanachama. Kila mmoja huacha kitu: namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu, anwani ya barua pepe, nywila, picha ya cheti.

Kwa hiyo kompyuta moja ya steshenari yaweza kubeba siri za mamia ya watu. Ikipata jasusi, aliyeathirika si mwenye duka peke yake. Kijana wa Mtae anaweza kukuta akaunti yake ya maombi ya mkopo imebadilishwa namba ya simu siku chache kabla ya dirisha kufungwa, asijue kamwe kwamba nywila yake iliibwa kwenye duka alikochapa fomu. Kompyuta za shule, zahanati, vyama vya akiba na mikopo na vyama vya ushirika vya mazao zimo katika hatari hiyo hiyo. Usafi wa kompyuta inayotumiwa na umma ni huduma ya jamii, kama ulivyo usafi wa chanzo cha maji.

Njia inazopita

Njia ya kwanza, na iliyo kubwa, ni programu zilizovunjwa kufuli. Programu ya kuandikia au ya kuchora huuzwa kwa bei kubwa; fundi huleta kwenye flashi nakala ya bure pamoja na kifaa cha kuifungua, na humwagiza mtumiaji azime kwanza kingavirusi ili kifaa hicho kifanye kazi. Agizo hilo pekee lingetosha kuwa onyo. Mlinzi huondolewa langoni ili mgeni apite, na mara nyingi mgeni haji peke yake.

Njia ya pili ni flashi inayozunguka kutoka mashine hadi mashine. Ya tatu ni kiambatisho cha barua pepe. Ya nne ni tangazo la uongo kwenye tovuti linalodai kuwa kivinjari kimepitwa na wakati, au kwamba virusi vimeonekana na dawa ni kubonyeza hapa. Ya tano ni viendelezi vya kivinjari vinavyoahidi kupakua video au kubadilisha mafaili, kumbe vinasoma kila ukurasa unaofunguliwa. Ya sita ni mtu mwenyewe: mwenye ufunguo wa ofisi, au wa karibu wa familia, anayeketi mbele ya mashine dakika chache na kusakinisha programu ya kumfuatilia mwenzake.

Chombo huonyesha, hakihukumu

Vipo vyombo vizuri vya kuchunguza kompyuta, na vingi havilipiwi. Hatari yake ni kudhaniwa kuwa kila vinachokionyesha ni kibaya.

Historia inatoa mfano. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Merijn Bellekom, aliyekuwa mwanafunzi nchini Uholanzi, alitengeneza chombo kidogo kiitwacho HijackThis. Kazi yake ilikuwa kuorodhesha sehemu zote za Windows ambako programu hupenda kujipachika ili ziwake zenyewe au ziteke kivinjari. Kiliwasaidia watu wengi, na mwaka 2007 kilinunuliwa na kampuni ya Trend Micro. Lakini hakikutenganisha jema na baya. Programu ya printa, ya sauti, ya kingavirusi na ya jasusi zilisimama kwenye orodha moja, kila moja na kisanduku chake cha tiki. Asiyejua kusoma orodha hiyo akitia tiki zote na kufuta, alibaki na kompyuta isiyopata intaneti au isiyowaka kabisa, na pengine jasusi amebaki salama.

Ndivyo ilivyo hadubini ya zahanati. Hadubini huonyesha kila kilichomo kwenye tone la damu. Mtaalamu wa maabara ndiye anayesema kipi ni kijidudu cha malaria na kipi ni chembe ya kawaida. Haiwezekani kumkabidhi mpita njia hadubini kisha akaandika dawa.

Mfano mwepesi ni jina svchost.exe, ambalo huonekana mara nyingi sana kwenye orodha ya programu zinazoendeshwa na Windows. Wengi huogopa wanapoliona limejirudia mara kadhaa, wakadhani ni virusi. Ni sehemu halali ya Windows, na kujirudia ni kawaida yake. Lakini kwa sababu ni jina la kawaida, wezi nao hulitumia kuvisha programu zao. Kinachotofautisha ni makazi: ile halali hukaa katika folda ya System32 ndani ya Windows. Ikionekana imekaa kwenye folda ya mafaili ya muda ya mtumiaji, ina jambo. Jina halitoshi kuhukumu. Mchunguzi hutazama inakaa wapi, nani ameitia saini, na imeingia lini.

Kuchagua chombo

Kanuni ya kwanza ni kutumia kilichomo kabla ya kutafuta cha nje. Windows 10 na Windows 11 zina kingavirusi yake, inayopatikana kwa jina Windows Security, bila malipo na bila kupakua. Ikiwa imesasishwa, inafaa kwa mahitaji ya kawaida ya ofisi na duka.

Kanuni ya pili ni kuchukua chombo kwa mtengenezaji mwenyewe. Kwa wanaotaka kuona kila kinachowaka pamoja na mashine, kipo Autoruns, kinachotolewa bure na Microsoft kwenye tovuti yake. Kisichukuliwe kwenye flashi ya rafiki, wala kwenye tovuti iliyotangulia tu katika matokeo ya utafutaji. Wezi hulipia matangazo ili tovuti zao za bandia zitangulie. Baada ya kupakua, mtumiaji abonyeze faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, afungue sifa zake na kutazama saini ya kidijitali. Chombo kinachodai kutoka kampuni kubwa lakini hakina saini yake kifutwe kabla hakijafunguliwa.

Kanuni ya tatu ni kukataa mganga anayejipigia debe. Ukurasa unaojitokeza wenyewe na kutangaza kwa king'ora kwamba kompyuta ina virusi kadhaa, kisha ukatoa namba ya simu au kudai malipo, ni utapeli. Ukurasa wa tovuti hauwezi kupima diski ya kompyuta kwa kufunguliwa tu.

Kanuni ya nne ni kuwa na mlinzi mmoja wa kudumu. Kingavirusi mbili zinazolinda kwa pamoja hugombana, hupunguza kasi, na kila moja huweza kuishuku nyenzake.

Kanuni ya tano inahusu faragha, na husahauliwa sana. Ipo huduma ya VirusTotal, iliyoanzishwa Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, inayopima faili kwa kingavirusi nyingi kwa mara moja. Ni msaada mkubwa kwa kupima programu yenye mashaka. Lakini faili linalopakiwa huko huweza kuonwa na watafiti na kampuni zinazoshirikiana na huduma hiyo. Orodha ya wagonjwa, muhtasari wa kamati ya nidhamu ya shule au daftari la wanachama wa chama cha akiba lisipakiwe huko hata kidogo. Vivyo hivyo ripoti za vyombo vya uchunguzi hubeba jina la mtumiaji, jina la kompyuta na majina ya folda. Zisirushwe kwenye makundi ya simu kwa watu wasiofahamika.

Mpangilio wa kazi

Mashine ikishukiwa, kazi ifuate hatua, na hatua zisirukwe.

Kwanza, kukata mawasiliano. Modemu ichomolewe, Wi-Fi izimwe. Jasusi asiye na njia ya kutuma ni kama mwizi aliyefungiwa stoo. Ikiwa fedha zimekwisha kuibwa au yapo madai ya jinai, kazi isimame hapo: mashine isisafishwe, itolewe taarifa polisi kwanza, maana kusafisha ni kufuta nyayo.

Pili, kuangamiza viroboto, yaani kubadili nywila. Hatua hii haisubiri usafi wa mashine, na isifanywe kamwe kwenye mashine inayoshukiwa, kwani huko ni kumkabidhi mwizi nywila mpya. Itumike simu au kompyuta iliyo safi. Barua pepe ianze, kwa sababu mwenye barua pepe ya mtu aweza kuomba nywila za akaunti zake nyingine zote zibadilishwe. Zifuate akaunti za benki, mifumo ya serikali, kisha mitandao ya kijamii. Kila akaunti iamriwe kuwaondoa wote waliomo kwenye vifaa vingine, maana baadhi ya majasusi huiba tiketi ya kuingilia inayomwezesha mwizi kupita bila nywila. Penye uthibitishaji wa hatua mbili, uwashwe. Mwenye duka awajulishe wateja waliochapa nywila zao hapo, nao wafanye hivyo hivyo.

Tatu, kuhifadhi nakala. Zinakiliwe nyaraka, picha na majedwali tu, kwenye flashi au diski ya pembeni. Programu na vifaa vya kusakinisha visinakiliwe, kwani humo ndimo jasusi hujificha. Flashi hiyo ipimwe kabla ya kuchomekwa mahali pengine.

Nne, kutazama bila kugusa. Vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua Task Manager, na humo imo sehemu ya Startup inayoonyesha programu zinazowaka pamoja na mashine. Itazamwe pia orodha ya programu zilizosakinishwa, ikipangwa kwa tarehe, na orodha ya viendelezi vya kila kivinjari. Anayetumia Autoruns achague kwanza kuhakiki saini na kuficha vitu vya Microsoft, ili orodha ndefu ipungue na kubaki vichache vya kuchunguza. Kila kinachotiliwa shaka kiandikwe kwenye daftari: jina, folda, tarehe. Daftari na kalamu ni vyombo vya uchunguzi pia.

Tano, kupima. Kwa kuwa mawasiliano yamekatwa, faili la kusasishia kingavirusi lipakuliwe na kompyuta safi kutoka tovuti ya Microsoft. Kisha upimaji kamili ufanyike, hata ukichukua saa kadhaa. Umeme wa milimani hukatika, kwa hiyo kompyuta mpakato ijazwe chaji kabla. Ukiisha, ufuate upimaji uitwao Microsoft Defender Offline, ulio kwenye orodha ya aina za upimaji ndani ya Windows Security. Mashine hujizima, ikajiwasha na kupima kabla Windows haijaamka, na kwa kawaida huchukua kama dakika 15. Faida yake ni kumkuta jasusi usingizini, asipate nafasi ya kujificha.

Sita, kuondoa kwa namna inayorudishika. Kingavirusi ikipata kitu, kiwekwe karantini kabla ya kufutwa. Katika Autoruns, itolewe tiki badala ya kufuta mstari. Mashine iwashwe upya na itumike siku mbili tatu. Kama printa imeacha kuchapa, tiki hurudishwa na mambo yakaisha. Aliyefuta hana cha kurudisha. Kinachoondolewa kiwe kimoja au viwili kwa wakati, ili likitokea tatizo chanzo chake kijulikane.

Saba, kurudi kutazama. Baada ya kuwasha upya, orodha ilinganishwe na daftari. Kilichoondolewa jana kikionekana tena leo, kina mwenzake anayekirudisha, na hapo haifai kuendelea kupapasa.

Lini kuanza upya

Zipo hali ambazo kusafisha hakutoshi. Jasusi akirudi baada ya kuondolewa. Ikithibitika kwamba mtu wa mbali alikuwa akiiendesha mashine. Au kompyuta ikiwa ya umma na kubeba fedha au taarifa za watu, dawa ni kusakinisha upya mfumo mzima, kazi ambayo mafundi huiita kupiga Windows. Muda huo wa kazi ni mfupi kuliko miezi ya mashaka.

Lakini kupiga Windows kwa nakala iliyovunjwa kufuli ni kujenga nyumba mpya juu ya kichuguu. Nakala ya kusakinishia ipakuliwe kutoka tovuti ya Microsoft kwa kutumia kompyuta iliyo safi. Ikumbukwe pia kuwa Windows 7 iliacha kupata masahihisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi kuukuu zinazouzwa kwa mitumba ziko kwenye kundi hilo. Mwenye mashine isiyoweza kupokea Windows 11 anaweza kuweka mfumo wa Linux, usiolipiwa na unaotosha kwa kazi za kuchapa na intaneti, au aitumie mashine hiyo kwa kuchapa tu bila kuiunganisha mtandaoni.

Fundi, mwenye duka na sheria

Anayepeleka kompyuta kwa fundi ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kumwachia. Chombo kitakachotumika kimetoka wapi? Nyaraka zitanakiliwa wapi, na nakala hiyo itafutwa lini? Ni kitu gani kitaondolewa, na orodha yake itaonekana? Fundi mwema hujibu bila kununa. Anayejibu kwamba hayo ni ya kitaalamu, mteja aende tu akanywe chai, hajajibu.

Mwenye duka la steshenari naye anaweza kulinda jina lake kwa mambo machache: akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku na akaunti ya msimamizi kwa kusakinisha tu, kivinjari kilichokatazwa kuhifadhi nywila, kila flashi kupimwa kabla ya kufunguliwa, na nyaraka za wateja kufutwa mwisho wa siku. Mteja kwa upande wake achape nywila yake mwenyewe, ahakikishe ametoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka, na asiiache nywila kwenye karatasi ya duka.

Sheria zipo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatambua haki ya faragha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa, kunasa mawasiliano yake na kuharibu taarifa zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu kuzilinda. Kwa hiyo hata nia njema ina mipaka: mwalimu, mtendaji au jirani mwenye ujuzi asifungue na kuchunguza kompyuta isiyo yake bila idhini ya mwenyewe, na kwa kompyuta ya ofisi, bila idhini ya mkuu wa ofisi.

Neno moja kwa wanaofuatiliwa na watu wa karibu. Anayehisi kuwa mwenza au ndugu ameweka programu ya kumchungulia, na anaogopa kudhuriwa, asianze kwa kuifuta. Anayechungulia ataona ghafla kwamba dirisha limefungwa, na hasira yake huenda ikawa kubwa kuliko hatari ya programu yenyewe. Atafute kwanza msaada kwa kutumia simu ya mtu mwingine, likiwemo Dawati la Jinsia na Watoto la Jeshi la Polisi, na ushahidi uhifadhiwe.

Kutoa taarifa

Ujumbe wa kitapeli unaofuatia wizi wa taarifa utumwe kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kwa kupiga *106# mwananchi anaweza kuona namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na akikuta asiyoitambua, aende kwa mtoa huduma wake ikafutwe. Wizi wa fedha uripotiwe mara moja kwa benki au kampuni ya simu ili fedha zizuiwe, kisha kituo cha polisi.

Wapo wanaoficha, hasa wenye maduka, wakihofia kupoteza wateja. Wahenga waliwajibu zamani: mficha maradhi kifo humuumbua. Duka lililowaambia wateja wake ukweli siku ile ile, wakabadili nywila wakabaki salama, litaaminiwa zaidi kuliko lile ambalo wizi wake uligunduliwa na wateja wenyewe.

Ndugu wananchi, vyombo vya uchunguzi ni vingi na vitaendelea kubadilika majina. Mpangilio haubadiliki: kukata mawasiliano, kubadili nywila mahali palipo safi, kuhifadhi nyaraka, kutazama, kupima, kuondoa kwa namna inayorudishika, na kurudi kutazama. Anayeshindwa kuyakumbuka yote akumbuke hili la pili, maana ndilo linalowaokoa hata wasiojua kugusa kompyuta. Nywila iliyokwisha kutoka haifutwi na kingavirusi yoyote. Hufutwa na mwenyewe anapoibadilisha.